Uvira–Kalemie kwa pikipiki: mwalimu, insulini ya mama yake na sakoshi za turubai

Uvira, Kivu Kusini – Kwenye kibaraza cha nyumba moja ya kartie Kasenga kuna sanduku la chuma lililopakwa rangi ya kijani. Kuku wanatagia ndani yake. Mwenzake, lililokuwa la upande wa kulia, halipo tena. Liliuzwa kwa mtu wa vyuma vikuukuu, na mwenye nyumba hakuuliza hata bei.

Mwenye nyumba ni mwalimu wa shule ya sekondari, na majirani wote humwita Mwalimu, basi na hapa aitwe hivyo. Mama yake mzazi anaishi Kalemie na dada yake mdogo. Mama ana ugonjwa wa sukari wa miaka mingi na anajidunga insulini kila siku. Kalemie dawa hiyo hupatikana wiki hii, wiki nyingine ikakosekana. Kwa hiyo mara tatu au nne kwa mwaka, wakati wa likizo za shule, Mwalimu hununua chupa za kutosha Uvira, akishindwa huvuka mpaka mpaka Bujumbura, kisha hupanda pikipiki yake ya Kihindi yenye injini ya 125 na kushika barabara ya taifa nambari 5 kuelekea kusini.

Watu humuuliza kwa nini asipande boti. Maboti ya mbao yapo, yanatoka Kalundu, lakini hayana siku wala saa, na ziwa Tanganyika likichafuka hakuna anayemwahidi mtu kufika. Pikipiki angalau inamsikiliza mwenyewe. Safari ni zaidi ya kilometa 300: Makobola, Mboko, Lusenda na Baraka kando ya ziwa, halafu kupanda milima hadi Fizi, kupita upande wa Lulimba na Misisi ambako machimbo ya dhahabu yamevuta watu wengi, kuingia jimbo la Tanganyika, kupita Bendera penye mtambo wa umeme, hadi Kalemie. Wakati wa mvua hakuna anayesema ni siku ngapi. Anasema tu ataondoka lini.

Safari za kwanza alifunga mzigo kama motari wote wanavyofunga: mfuko wa unga wa plastiki iliyosukwa, nyuma ya kiti, kamba za mpira uliokatwa kutoka matairi ya ndani. Ni ufungaji mzuri kuliko unavyoonekana. Mpira unavuta, unashika, na ukikatika njiani mwingine unapatikana kila kijiji. Lakini mfuko wa unga unapitisha maji kama chandarua, na mpira unanyooka kila pikipiki inaporuka shimo, kiasi kwamba baada ya saa moja mzigo umeinamia upande mmoja. Mwalimu alifika Kalemie mara mbili na nguo za mama zimelowa tope. Ndipo akaenda kwa fundi wa kuchomelea, akatengenezewa masanduku mawili ya bati nene, moja kila upande, yenye vifuniko na kufuli. Yalimgharimu mshahara wa mwezi mzima na zaidi. Mtaani yalisifiwa sana. Hata wakubwa wa shule waliyapapasa.

Likizo ya Pasaka iliyofuata aliyapakia vizuri, kwa mpangilio wa mtu anayependa daftari safi. Kushoto nguo, sabuni na vitabu vya watoto wa dada. Kulia, karibu na mkono, vitu anavyovijali: karatasi zake, na insulini iliyofungwa kwenye taulo. Alifika siku ya tatu, dawa ikawekwa kwenye friji ya jirani, akarudi Uvira akiwa na amani.

Wiki mbili baadaye dada alipiga simu. Mama anakunywa maji bila kushiba, anakwenda haja ndogo usiku kucha, sasa amelala na haitiki vizuri. Hospitali walipopima, sukari ilikuwa juu sana. Mama hakuwa ameruka sindano hata moja. Walimlaza siku tisa.

Mwalimu alikwenda moja kwa moja kwa muuza dawa. Ni mtu wa umri wake, wanasali kanisa moja. Alimwambia mbele ya wateja kwamba amemuuzia dawa iliyokufa, pengine ya magendo. Muuza dawa alimwonyesha friji, kipimajoto ndani ya friji, na tarehe za chupa zilizobaki za boksi lile lile. Alimtajia pia kwamba wagonjwa wengine wa hapa Uvira wametumia dawa ya boksi hilo na hawana shida. Mwalimu hakutaka kusikia. Tangu siku hiyo walipishana njiani bila salamu, na kanisani mmoja alikaa mbele, mwingine nyuma. Mke wa Mwalimu anasema hiyo ndiyo miezi mume wake alikuwa mgumu kuishi naye.

Agosti aliondoka tena, na chupa nne alizonunua kwingine. Ilikuwa kiangazi, barabara kavu, vumbi jekundu. Kwenye mlima wa kupanda Fizi malori yaliyopita wakati wa mvua yalikuwa yameacha mifereji mirefu ya magurudumu, na kiangazi kikaikausha ikawa migumu kama saruji. Pikipiki ikiingia katika mfereji wa namna hiyo, dereva hushusha miguu yote miwili na kutembea nayo pole pole. Sanduku la kulia liligonga ukingo wa mfereji. Halikupinda, halikukubali kitu, likasukuma pikipiki nzima upande wa pili. Mwalimu alianguka kushoto, na sanduku la kushoto, lenye vitabu, likatua juu ya kifundo cha mguu wake.

Alilala pale muda ambao yeye anakadiria kuwa nusu saa. Motari wawili waliotoka Baraka na abiria ndio waliomwinua.

Sanduku la kulia lilikuwa limefunguka na vitu vimetawanyika. Mmoja wa vijana hao alikuwa akivikusanya, akainua boksi la mishumaa ambayo Mwalimu alimpelekea dada yake, akacheka bila ubaya: «Papa Mwalimu, mishumaa yako imekuwa ugali!» Na kweli, mishumaa yote ilikuwa imeyeyuka na kushikana, donge moja jeupe lenye nyuzi. Mwalimu anasema maumivu ya mguu aliyasahau kwa dakika kadhaa. Alikuwa akitazama ubavu wa ndani wa sanduku, ule unaoelekea bomba la moshi. Rangi ya kijani ilikuwa imegeuka kahawia na kuvimba. Sanduku lile lile, upande ule ule, ndimo alimoweka insulini ya Pasaka.

Chupa nne za safari hii zilikuwa humo humo, ndani ya taulo. Alizishika. Zilikuwa za moto kama yai lililotoka kuchemshwa.

Kwa macho hazikuwa na kasoro, na hapo ndipo ubaya wa jambo hili ulipo. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikipata joto kali inapoteza nguvu, na ikiganda barafu inaharibika vilevile, lakini mara nyingi mtu hawezi kuona tofauti kwa kuitazama. Mgonjwa anajidunga kipimo chake sawasawa na sukari inapanda kana kwamba amejidunga maji. Motari walikuwa tayari kuendelea na dawa hadi Kalemie kwa malipo. Mwalimu aliwakatalia. Akiwa bado chini, kivulini, alimpigia dada yake akamwambia dawa haiji, aende hospitali asubuhi hiyo hiyo aombe, akope, afanye lolote. Wiki hiyo, kwa bahati, ilikuwepo. Vijana walimteremsha hadi Baraka, mguu ukafungwa jasi, na zile chupa nne akarudi nazo Uvira ingawa hazikuwa na kazi tena.

Alizipeleka kwa muuza dawa. Alikwenda na mkongojo, saa ambayo duka lina wateja, kwa sababu alimtukana mbele ya wateja. Aliweka chupa mezani, akaeleza habari ya mishumaa, akaomba msamaha. Muuza dawa alinyamaza kidogo, kisha akamwuliza: «Mama yuko namna gani sasa?» Baada ya hapo akavuta kiti.

Mengi ambayo Mwalimu anayajua leo kuhusu kubeba dawa aliyapata kwenye kiti hicho. Dawa isikae upande wa bomba la moshi, na isikae juu kabisa ambako jua linapiga. Iwekwe katikati ya nguo, kwa sababu nguo zinakawiza joto. Iingie kwenye termosi yenye mdomo mpana, pamoja na chupa ndogo ya maji baridi, ila chupa za dawa zisigusane na barafu. Kila jioni, mahali pa kulala, aulize nani ana friji, na asipopata, abadilishe maji. Si mambo makubwa. Lakini kwenye pikipiki yote haya yanategemea mzigo umefungwa wapi na ndani ya kitu gani, na miezi mitatu ya mguu wenye jasi ilimpa Mwalimu nafasi ya kulifikiria jambo hilo hadi mke wake akachoka.

Kwenye simu aliangalia sakoshi za wasafiri wa mbali. Kuna Enduristan ya Uswisi, Kriega ya Uingereza, Mosko Moto na Giant Loop za Marekani. Hii ya mwisho ina begi lenye umbo la kiatu cha farasi linalokalia kiti bila kuhitaji chuma cha pembeni. Ni vitu vizuri, na bei yake ni dola mamia. Lakini Mwalimu hakuziacha kwa sababu ya bei tu. Anayepita bariera za barabara ya kusini akiwa na sakoshi mpya zenye maandishi ya kigeni ataonekana mtu wa shirika, na kila bariera itamhesabia hivyo. Kitu kikuukuu, chenye rangi ya tope tangu mwanzo, kinapita kimya.

Alichochukua kutoka kwa picha hizo ni akili yake. Kwanza, ulaini. Mzigo laini ukigonga ukingo wa mfereji unajikunja na pikipiki inaendelea, na ukiangukia mguu ni kama kuangukiwa na godoro lenye vitu. Bati likipinda linahitaji mashine ya kuchomelea. Kitambaa kikipasuka kinahitaji sindano na uzi, na hivyo viwili viko hata kijiji kisicho na umeme. Pili, mdomo. Sakoshi hizo nyingi hazina zipu kwenye mfuko mkubwa, mdomo unakunjwa mara tatu na kufungwa kwa kibanio. Anayeijua njia ya Fizi haihitaji kuelezwa: vumbi la kiangazi linaingia kwenye meno ya zipu, tope la masika linakaukia humo, na safari ya pili zipu imekufa.

Fundi aliyempata hashoni nguo. Anashona maturubai ya malori karibu na bandari ya Kalundu, na mashine yake inatoboa kitu chochote. Alimsikiliza Mwalimu, akapima pikipiki kwa kamba, na kusema jambo moja ambalo picha hazikuwa zimesema: kabla ya sakoshi, tengeneza chuma cha kuizuia. Mfuko laini usipokuwa na kitu cha kuegemea unaning'inia ndani, na ndani kuna gurudumu, mnyororo na bomba la moshi. Mara nyingi kwenye pikipiki hizi mnyororo uko kushoto na bomba kulia, kwa hiyo hakuna upande wa kuchezea. Fundi wa kuchomelea, yule yule wa masanduku, aliunganisha fremu nyembamba ya nondo kila upande. Upande wa kulia aliongeza kipande cha bati kilichoshikwa na skrubu kwa kuachiwa nafasi ya vidole viwili kutoka kwenye bomba, hewa ipite katikati.

Sakoshi za kwanza zilishindwa. Turubai lilikuwa zuri, la lori, zito. Walizijaza magazeti, wakazimwagia ndoo tatu za maji, wakafungua: magazeti yamelowa kwenye kila mshono. Sindano inapopita inaacha tundu. Walipaka gundi ya kuzibia matairi ya ndani na siku ya pili ikabanduka kama ngozi ya nyoka, maana haipatani na plastiki ya turubai. Fundi alitaka kushona mara mbili, ambayo ingeleta matundu mara mbili. Ni mke wa Mwalimu, aliyekuwa akitwanga sombe pale uani, aliyesema kwamba yeye haulizi gunia la muhogo lizuie maji, maji anayazuia na mfuko wa plastiki ulio ndani ya gunia.

Basi ikawa hivyo. Turubai la nje kazi yake ni kupigana na mawe, miiba na kuanguka. Ndani yake kuna mfuko mzito wa plastiki, uliofungwa peke yake, na huo ndio unaozuia maji. Ukipasuka unatupwa na kuwekwa mwingine wa bei ndogo. Hata watengenezaji wa nje wapo wanaofuata njia hii, ganda gumu na mfuko wa ndani, lakini mama huyu hakuwa ameangalia simu ya mtu.

Mikanda ilitoka kwenye mikanda ya usalama ya magari mabovu. Hainyooki kama mpira, kwa hiyo mzigo hauchezi, ingawa Mwalimu bado hubeba kamba mbili za mpira kwa lolote. Kila baada ya kilometa kumi za kwanza husimama kukaza, kwa sababu nguo zinashuka na mkanda unalegea. Mzigo mzito hukaa chini na mbele, karibu na magoti ya abiria kama angekuwepo. Alijaribu siku moja kuweka vitabu nyuma kabisa, na kwenye mlima gurudumu la mbele likawa jepesi, usukani ukimwendea popote utakapo. Vitu vizito viwili hugawanywa, kimoja kila upande. Kulia, upande wa bomba, huweka vyungu, vyuma vya kufungulia na sabuni. Kushoto, katikati ya nguo, termosi. Juu kabisa huweka blanketi na karatasi za pikipiki, ili kwenye bariera wakisema fungua, afungue upesi, waone blanketi, na mara nyingi wachoke hapo.

Kuna alichokipoteza, na hakifichi. Sakoshi haina kufuli. Mtu mwenye wembe anaweza kuichana usiku akaondoka na kilichomo. Kwa hiyo mahali pa kulala huzifungua zote mbili, mikanda minne, dakika mbili, na kulala nazo chumbani. Masanduku yalikuwa yakibaki nje kwenye pikipiki, na hilo lilikuwa raha. Pia hazikai vizuri zikiwa nusu tupu, zinapigapiga kama masikio ya tembo, ndiyo maana wakati wa kurudi huzijaza majani makavu ya migomba au chochote.

Desemba aliondoka nazo kwa mara ya kwanza. Mvua ilimkuta baada ya Mboko na haikumwacha hadi Baraka. Mbele ya Fizi alikuta daraja la magogo limeondoka upande mmoja. Aliteremsha sakoshi, akazivusha kichwani moja moja kwenye maji ya magoti, kisha vijana wanne wakaivusha pikipiki tupu kwa franka walizokubaliana. Masanduku yale yalikuwa yamefungwa kwa boliti. Alianguka mara mbili, mara zote mbili pole pole, na mara moja mguu ukabaki chini ya sakoshi. Aliuvuta ukatoka na kiatu chake. Siku nne.

Kalemie, kabla ya kusalimiana vizuri, mama yake alimwona anafungua termosi na kuibandika shavuni chupa moja moja. «Mwanangu, unazibusu?» aliuliza. Alikuwa anapima baridi. Zilikuwa baridi. Hata hivyo, kwa shauri la muuza dawa, dada alimpima mama sukari asubuhi na jioni wiki nzima ya kwanza na kutuma namba kwa simu, na muuza dawa akazisoma Uvira kila jioni kabla ya kufunga duka.

Fundi wa Kalundu sasa ameshona jozi tano nyingine. Motari mmoja alitaka nyekundu, akaambiwa habari ya bariera, akataka nyekundu vilevile. Mwalimu ataondoka tena Pasaka. Kibanio cha sakoshi ya kushoto kimevunjika jino, na bado hajapata cha kufanana nacho sokoni.